Zulfa, Kuhusu Ule Ukurasa wa Mapazia

Kariakoo, Jumapili jioni

Zulfa mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi, kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe. Wewe sasa hivi uko Kigamboni kwa mama yako mdogo, unaagwa na kulishwa wali mpaka ushindwe kutembea kurudi kwenye kivuko. Mimi nimekaa dukani, mlango nimeushusha nusu, nimeegemea majora ya kile kitambaa cha kijivu ambacho mwezi huu hakuna anayekitaka. Kesho asubuhi unapanda treni ya umeme kwenda Dodoma kufungua duka lako mwenyewe la mapazia. Nina neno nataka uondoke nalo, na nimeamua kuliandika kwa kalamu.

Usiniulize kwa nini sikukurekodia sauti kama kila siku. Nimeshakuona unavyozisikiliza sauti zangu, unazikimbiza, mama yako anasikika kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Barua huwezi kuikimbiza.

Habari za kula vizuri na kufunga milango sitakuandikia. Nakujibu swali. Wiki iliyopita tulikuwa tunakunja neti za pazia, ukaniuliza taratibu, "Mama, ukurasa tunaufanyaje?" Nikajitia nahesabu ringi za mapazia. Ukaendelea kukunja kwa adabu, lakini uso wako niliuona.

Lilikuwa swali la haki. Ukurasa wa duka letu mtandaoni uliufungua wewe, kwa laini yako, ukiwa ndiyo kwanza umetoka chuo na umekaa nyumbani huna kazi. Sauti inayosikika mle ni yako. Leo wateja wengi wanaoingia humu wanaingia na simu mkononi, wananionyesha video yako na kusema nataka kama hili. Ukienda na ukurasa, duka hili linabaki na mlango na mimi. Ukiuacha, unafika Dodoma mji ambao hakuna anayekujua, na kodi ya fremu ya duka inakusubiri, na huna hata mtu mmoja wa kumwambia kwamba umefika. Mmoja wetu lazima aumie, na wote wawili tulikuwa tunalikwepa kwa kukunja neti.

Mjomba wako Bakari yeye hakukwepa. Alikaa hapa juzi, akanywa chai yangu, akatoa hukumu. "Dada, huyo mtoto anaondoka na duka lako kwenye begi. Mwambie aache paswedi ya ukurasa, mengine mtaongea baadaye." Nilimwambia nitafikiri. Nimefikiri, na jibu langu lina njia ndefu kidogo, kwa hiyo vumilia.

Nilipokuja Dar kutoka Newala nilikuwa na umri kama wako, na kazi ya kwanza niliipata kwa Mzee Mbaruku, tajiri aliyekuwa akiuza vitambaa mtaa wa pili kutoka hapa. Siku yangu ya kwanza dukani walikuwa wamesimama watu wawili: mama wa Ilala aliyetaka mita chache za sebuleni kwake, na mfanyabiashara wa Songea aliyekuja kuchukua majora. Yule wa Songea akauliza bei, na mimi kwa kiherehere changu nikaitaja kwa sauti. Mama wa Ilala akageuka. "Kumbe ndiyo bei yake? Mbona mimi mmenitajia nyingine?" Mzee Mbaruku akacheka kuizima ile hali, haikuzimika, mama akaondoka zake. Ndipo akanivuta pembeni.

"Binti, hapa bei ya jumla haitajwi. Unaibonyeza kwenye kalkuleta, unamgeuzia mwenyewe, anaisoma, unaifuta. Huyu ana duka kwao na ana wateja wake. Ukimtajia mbele za watu umemharibia."

Nilifanya hivyo miaka yote. Wewe umekulia chini ya meza hii, ulijua kugeuza kalkuleta kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo mtu angedhani kwamba katika Kariakoo nzima, wa mwisho kutaja kwa sauti bei ya jumla angekuwa mama yako. Nitafika huko.

Ulipofungua ukurasa nilivimba kichwa kabla haujaleta mteja hata mmoja. Kila jioni nauliza, tumefika wangapi? Nilikuwa nimesikia kwamba duka la jirani lina wafuasi wengi kuliko sisi, na jambo hilo lilinikereketa kuliko kodi. Siku moja umekwenda Mchikichini, akaingia yule kijana mwenye miwani ya kung'aa kama kioo. "Shikamoo mama. Mama, ukurasa wako umepoa sana, yaani umepoa. Niachie mimi, nakujazia wafuasi mpaka uchanganyikiwe." Nikampa hela aliyotaka. Na kweli wakaja, wengi ajabu, nikawaonyesha mpaka wauza kahawa.

Wewe ndiye uliyekaa ukawafungua mmoja mmoja. "Mama, huyu yuko Brazili. Huyu hana hata picha. Huyu, mama, anauza matrekta." Nikakuuliza kwani watu wa Brazili nyumba zao hazina madirisha? Ulicheka mpaka ukakaa chini. Niliingizwa mjini, Zulfa, mimi ninayejiita mtu wa mjini, na hakuna hata mmoja katika wale aliyewahi kuulizia neti. Nilikuwa nataka jirani aone. Mteja sikuwa nimemfikiria kabisa.

Mafanikio ya kwanza ya kweli tuliyapata kwa aibu. Yule dada wa Tabata, aliyeagiza mapazia ya nyumba nzima bila kufika dukani, alipima kioo cha dirisha akatutumia vipimo, fundi akashona kwa vipimo hivyo hivyo, bodaboda akampelekea. Jioni ikaja picha. Mapazia yamekaa juu kama kaptura. Mimi nilikuwa nimeshabonyeza nirekodi sauti ya kumwambia kosa ni lake, ukanishika mkono.

"Mama, kama yeye amekosea, na wengine watakosea. Hakuna aliyewaonyesha jinsi ya kupima."

Ukaleta ngazi, ukanipandisha mimi na mgongo wangu huu, ukanirekodi mikono tu. Anza kwenye bomba la pazia, shuka mpaka sakafuni, kioo achana nacho. Muziki haukuwepo, na ile taa ya duara niliyokununulia kwa mbwembwe ilibaki kwenye boksi. Video ile ndiyo iliyotuletea watu. Mpaka leo kuna wateja wananiita Mama Bomba. Mapazia ya kurudishwa yakapungua, fundi akaacha kununa, na watu ambao hawajawahi kukanyaga Kariakoo wakaanza kutuamini na madirisha yao. Huwa nawasikia wataalamu redioni wakieleza ubunifu kwa maneno marefu, mimi nakumbuka umeshika ngazi na umeniambia nisitingishike.

Ungeniambia niishie hapo kwenye sifa zako. Lakini kosa langu kubwa lilikuja baada ya hapo, na lilikuja kwa sababu mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Simu ilikuwa haipumui. Bei gani? Bei? Mama bei? Wengine wanaandika alama ya kuuliza peke yake. Nilichoka kujibu, na nilichoka zaidi kuona watu wakilalamika kwamba maduka ya mtandaoni yanaficha bei. Asubuhi moja nikakwambia andika bei kwenye kila picha, watu waione, tumalize kelele.

"Ipi mama? Ya jumla au ya rejareja?"

"Ya jumla. Ile ya chini kabisa. Tuone jirani atafanyaje."

"Mama, wateja wetu wa mikoani nao wana simu. Na wateja wao pia wana simu."

Ulinikataza mara moja, ukanikataza mara ya pili. Nikakuuliza nani kati yetu amekuja Kariakoo kwanza. Ukaandika.

Duka lilijaa. Siku hizo nilitembea nimenyoosha shingo, nakupita nakutazama kwa upande. Kisha akapiga Mama Nandonde wa Masasi. Wakati huo ulikuwa unamjua kwa sauti tu, kama mimi. Alianza kuchukua mzigo kwetu kabla hujaanza shule, na hakuwahi kufika Dar. Kila mwezi alikuwa ananipigia, "Mama Zulfa, nichagulie," nami namchagulia, rangi ya damu ya mzee nyingi kwa sababu huko wanaipenda, nafunga robota, nalipeleka kwenye basi. Siku hiyo hakusema nichagulie.

"Mama Zulfa, hujambo. Nina mteja hapa mbele yangu, mke wa mwalimu, kaja na simu. Kanionyesha duka lako na bei zako. Ananiuliza kwa nini namwibia."

"Dada yangu, yale ni matangazo tu ya..."

"Umenivua nguo mbele ya watu wangu. Mzigo wa mwezi huu usitume."

Akakata. Mteja wetu wa jumla wa Tunduru naye akapiga, kwa maneno makali zaidi. Wa Songea hakupiga, alinyamaza tu akaacha kuagiza, na huyo aliniuma kuliko wote. Nao wale waliojaa dukani walikuwa wamenunua dirisha moja moja na kwenda zao. Majora yakasimama ukutani. Nikajiona tena nimesimama kwa Mzee Mbaruku, nimepaza bei mbele ya mama wa Ilala, ila safari hii mbele ya nchi nzima, na hakuna wa kucheka kuizima hali.

Ulitaka umwandikie Mama Nandonde ujumbe wa kuomba radhi. Nikakwambia bei zifute, radhi naipeleka mwenyewe. Ulinifungia chapati nikapanda basi la Masasi.

Nilikusimulia kidogo tu niliporudi, kwa hiyo sikiliza yaliyobaki. Nilimkuta dukani kwake anapiga pasi pazia. Ni mwanamke mfupi, mimi miaka yote nilikuwa namwona mrefu kwa ile sauti. Nikamwambia mimi ndiye Mama Zulfa, nimekuja kukuomba radhi. Hakuweka pasi chini.

"Karibu. Kaa hapo kwenye stuli. Samahani yako mimi sitaki, nitaipeleka wapi? Leo atakayeingia na simu, utamjibu wewe."

Nikakaa. Haikuchukua muda akaingia mama mmoja na binti yake anayeolewa, simu imeshafunguliwa. Picha za bei walikuwa wamezihifadhi, kuzifuta kwetu hakukusaidia kitu. "Kariakoo wanauza hivi, mbona nyinyi huku mnatukamua?" Mama Nandonde akaendelea kupiga pasi. Nikasimama. Nikasema mimi ndiye mwenye duka hilo, na bei hiyo ni ya kitambaa kikiwa kwenye jora, kwa mtu anayebeba majora, hakijapanda basi, hakijashonwa, hakijatundikwa. Yule mama akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Sasa mbona hamkuandika hivyo?"

Nikamwambia ukweli, nilitaka watu wajae. Binti yake akacheka. Mama Nandonde naye nikaona bega linatingishika, lakini uso kauficha kwenye pasi.

Nilijibu watu mpaka koo likakauka. Alasiri akaniambia twende, akanibebesha mabomba ya pazia, yeye akabeba drili kwenye mkoba wa kanisani. Tulikwenda nyumba ya mzee mmoja mkulima wa korosho. Dirisha la sebuleni lilikuwa limejengwa upande, huku juu, huku chini. Mama Nandonde hakupima, alikuwa analijua. Alisema nyumba zote zilizojengwa na fundi yule ziko hivyo, na pazia lake huwa analikata upande ili likishatundikwa lionekane limenyooka. Akapanda juu ya kiti, akatoboa ukuta, akatundika, akashuka, akalinyoosha kwa kiganja. Mke wa yule mzee akakaa akalitazama pazia lake, kisha akatuletea uji wa karanga.

Nilikuwa nimefanya biashara na mwanamke huyu miaka mingi nikidhani kazi yake ni kuchukua bei yangu na kuongeza yake juu. Niliona haya, na nilimwambia hivyo tukiwa njiani. Hakunipamba kwa maneno matamu. Aliniambia nimechelewa kuja Masasi.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye basi, akasema neno ambalo wewe ulilifanyia kazi kuliko lolote nililowahi kukuletea. "Mwambie Zulfa aniweke na mimi kwenye huo ukurasa wenu. Jina langu, duka langu, na sura yangu akitaka. Anayetaka pazia huku Masasi aje kwangu. Na bei yangu nitaitaja mimi."

Wewe ukaligeuza likawa kubwa. Ukampigia wa Tunduru, ukampigia wa Songea aliyekuwa amenyamaza, ukawaomba kila mmoja ajirekodi akitundika pazia nyumba ya mtu. Dar tukaweka bei ya rejareja, na kushona kumo, na kutundika kumo, ikaandikwa wazi. Mtu akiuliza kutoka Masasi unamwelekeza kwa Mama Nandonde, akiuliza kutoka Songea unamwelekeza Songea. Nilikwambia unawagawia wateja wetu bure. Ukaniambia, "Subiri mama." Nikasubiri, majora yakaanza kutoka ukutani, na robota la Masasi likawa kubwa kuliko lilivyowahi kuwa. Fremu hii ya pili tuliichukua kwa hayo. Simu ile ile, ukurasa ule ule, kwanza ulituharibia na baadaye ulitujenga, na mimi nilikuwepo mara zote mbili.

Kwa hiyo huko Dodoma jaribu vitu. Utaletewa programu za kuhesabu mzigo, za kujibu wateja zenyewe, na mengine ambayo mimi sitayaelewa hata ukinieleza kwa kunichorea. Usiogope hata kimoja kwa sababu mama yako aliwahi kuungua. Ila kabla hujabonyeza, kaa kidogo ufikirie nani mwingine atakiona kitu hicho, na kitamkuta amesimama mbele ya nani. Mimi sikumfikiria mke wa mwalimu wa Masasi. Ningemfikiria kwa muda wa kunywa chai tu, nisingempoteza mtu wa Songea kwa miezi yote ile.

Sasa ukurasa.

Kuna jambo la Mzee Mbaruku sijawahi kukusimulia, kwa sababu nilimpenda yule mzee. Nilipomuaga nikafungue duka langu alinipa mkono wa baraka na jora la neti la kuanzia. Nikakodi kifremu kidogo mtaa wa pili. Nikakaa. Siku zinapita, sioni mtu. Nawaona kabisa wateja niliowahudumia kwa miaka wanapita kwa mbali na mifuko ya mzee, hakuna anayegeuza shingo. Nikasema labda nilikuwa najidanganya, walikuwa wanampenda mzee, mimi nilikuwa kalkuleta tu. Nilianza kutafuta nauli ya kurudi Newala, baba yako hana kazi na wewe uko tumboni.

Siku moja nikakutana na mteja mmoja wa mzee, mtu wa Tunduru, pale mtaa wa Gerezani, akashtuka nusura aangushe mzigo. "Mwanaidi? Wewe si umerudi kwenu, umeolewa huko?" Nikamuuliza nani kasema. Akasema kila anayeniulizia dukani kwa mzee anajibiwa hivyo, mzee anasema Mwanaidi karudi kusini. Nililia pale pale barabarani, sikujali nani ananitazama. Hakuniibia kitu, hakunisengenya. Aliwaambia tu kwamba sipo.

Nilimsamehe kabla hajafariki, na alinisaidia wewe ulipozaliwa, kwa hiyo usimwekee kinyongo. Nakusimulia kwa sababu juzi Bakari aliposema uache paswedi, nilijiona nakubali. Nilikubali kabisa, Zulfa, nikaanza na kupanga. Nikawaza nitabaki na ukurasa, nitatafuta binti mwingine wa kuongea, na watu wakiuliza yule Zulfa yuko wapi, nitasema... Hapo nikasikia nitakachosema. Kilikuwa kimeshafika mdomoni. Bakari alikuwa bado anaongea, mimi nikaweka kikombe chini.

Ukurasa ni wako. Nenda nao.

Usije ukaniambia tuutumie wote wawili. Najijua. Nitaingia mle kila siku kukusahihisha rangi, nitakujibia wateja kabla hujaamka, na siku moja nitaandika bei. Ukurasa uwe na mwenyewe mmoja, naye ni wewe. Ninaomba kitu kimoja, na hiki naomba kama mama na kama mfanyabiashara: Mama Nandonde na wenzake wasitolewe. Uwaelekezee watu kama ulivyokuwa unawaelekezea. Wao walikubali kuonyesha sura zao mle kwa kukuamini wewe.

Mimi nabaki na jumla. Nabaki na simu yangu na hao wanaonipigia nichagulie. Rejareja ya Dar itashuka, najua, na sikufichi kwamba naogopa. Huenda ile fremu ya pili nikairudisha. Nikiirudisha usipande treni kuja kunionea huruma, nitakuwa na kazi. Nitafungua ukurasa wangu mwenyewe na kuanza na watu wachache, wenye madirisha hapa hapa nchini. Na wewe ukitaka kuchukua mzigo kwangu, utakuwa mteja wangu wa Dodoma. Ukipata mzuri zaidi kwa mwingine, chukua kwa mwingine. Nitanuna siku moja, ya pili nitakupigia.

Nimeshafanya jambo bila kukuuliza, kwa hiyo kama ulishtuka ulipofungua simu kwenye kivuko, ni mimi. Leo baada ya alasiri nilichukua simu ya duka, ambayo ukurasa umo humo umefunguliwa siku zote, nikaiegemeza kwenye majora, nikajirekodi. Mara ya kwanza nilitoa kidevu kitupu. Nyingine yule muuza kahawa alipita anagonga vikombe vyake. Mwisho nikaipata. Nimesema hivi: "Mimi ni mama yake Zulfa, wengine mnaniita Mama Bomba. Kuanzia kesho Zulfa hayupo tena Kariakoo. Anahamia Dodoma, anafungua duka lake, na ukurasa huu ni wake, anaondoka nao. Mlioko Dodoma mfuateni dukani. Wengine endeleeni kumsikiliza." Nikataja mtaa wako, nikataja na duka linalotazamana nawe ili wasipotee, nikaituma kabla sijabadili mawazo.

Watu wameanza kuandika. Wanakuombea dua, wawili wameuliza duka linafunguliwa lini, na mmoja amesema ana nyumba mpya huko na madirisha yako wazi, majirani wanamwona anavyokula. Huyo usimwache. Bakari ameshapiga simu, sikupokea.

Kesho nitakusindikiza mpaka stesheni, na nikitoka hapo nakuja kufungua duka. Watakuja, watazoea kukutafuta hapa kwa muda. Atakayeniuliza Zulfa yuko wapi, nitamwelekeza mpaka rangi ya mlango wako.

Mungu akutangulie, mwanangu.

Mama yako,
Mwanaidi